Mwatiko Hatagi Bwawani

Juzi tena, huko Ngomeni, pwani ya Kenya, mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka ukingoni mwa bwawa lake la mwatiko, samaki wa baharini. “Wale kumi wakubwa siwavui, mwanangu. Nimewaacha wazae.” Mwaka wa pili huo anawalisha pumba. Ni mtu wa bidii, na moyo uliniuma, kwa sababu maneno hayo hayo nimeyasikia tangu Sabaki hadi huko, na kila mara hasara ni ya mfugaji.

Chanzo cha kosa ni tilapia. Huyo ukimweka bwawani, miezi michache tu maji yamejaa vitoto. Mwatiko si hivyo. Hukomaa akifika miaka mitano hivi, nasi twamvua baada ya miezi sita hadi tisa, akiwa na gramu 300 hadi 500. Huyo ni mtoto. Na wa miaka miwili ni mtoto bado, hata awe mnene vipi! Tena hata umri ukifika, bwawa lenye maji ya kiunoni halimfai: hutaga baharini, kwenye maji safi karibu na miamba, usiku wa manane. Jike wa kilo 6 aweza kutoa mayai milioni 3 hadi 4. Mayai huelea, huanguliwa baada ya siku moja hivi, kisha vitoto husafiri na maji wiki mbili tatu kabla ya kuingia kwenye mikoko. Ndiko tunakovikuta, sentimita moja na kitu, vyeupe kama uzi wa kioo, macho mawili meusi na doa tumboni. Wafilipino, waliomfuga mwatiko kwa karne nyingi, walisubiri hadi 1980 kumwona akitaga mwenyewe kizuizini, na hilo lilitokea katika vizimba vilivyowekwa baharini.

Wengine huniuliza, “Mbona nimeona vitoto bwawani?” Vimeingia na bamvua, yale maji makubwa ya bahari, langoni. Na walao wenzao wameingia navyo. Funga wavu wa matundu madogo kwenye lango la maji. Hili nimelisema mpaka sauti imekauka, na nitalisema tena kesho.

Na usidhani tumbo likijaa ni mayai; ni mafuta na utumbo. Mwatiko ni mla mwani, na mla mwani ana utumbo mrefu sana. Kumjua dume na jike kwa rangi, haiwezekani. Kwa nje wanafanana.

Mzee alinyamaza kitambo, akawaangalia wale kumi wakizunguka. Kisha akauliza, “Basi mbegu, vitoto vya kufuga, nitapata wapi?” Nikamwambia awavue wale, awauze wiki hii, akaushe bwawa, na bamvua ya mwezi mwandamo ikifika, ashuke na wanawe mkondoni wakiwa na chandarua, ndoo na bakuli jeupe. Bakuli jeupe hasa, ili yale macho mawili yaonekane.