Dokezo: kuliandaa tukio kabla halijatokea

Dokezo ni taarifa ndogo ambayo mwandishi huiweka mapema ili tukio kubwa la baadaye lisionekane limezuka tu. Si sawa na kisengerembele, ambapo msimulizi hutangaza waziwazi litakalotokea. Maana kamili ya dokezo hufunguka tukio likishatimia.

Kwa hiyo dokezo zuri huwa na kazi nyingine palepale lilipo. Chukua hadithi inayoishia kwa ngalawa kuzama. Mwanzoni mvuvi anabishana na fundi juu ya ujira wa kukalafati, yaani kuziba nyufa za chombo, huku mwanawe akichota maji chomboni kwa kopo. Msomaji anafuata ugomvi, kopo analipita. Kumbe chanzo cha maafa ameshapewa: fundi ameondoka bila kuziba nyufa. Sentensi kama "hakujua yatakayomkuta" ingeua taharuki bila kueleza sababu yoyote.

Hata onyo la wazi linaweza kufanya kazi. Katika *Juliasi Kaizari*, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, mtabiri anamwonya Kaizari, mtawala wa Roma, ajihadhari na siku ya katikati ya Machi. Baadaye mkewe, Calpurnia, anaota sanamu ya mumewe ikitoka damu. Decius, mmoja wa waliokula njama ya kumuua Kaizari, anaifasiri ndoto hiyo kuwa ya heri kwa Roma, na Kaizari anaichukua tafsiri inayompendeza. Ustadi uko hapo: dalili ileile inayotabiri kifo inaanika pia kiburi kinachompeleka kufani.

Unapoandika, maliza kwanza rasimu nzima, kisha rudi nyuma kutoka mwisho ukijiuliza msomaji alihitaji kuona nini ili asiseme "hili limetoka wapi?" Kwa hadithi fupi, madokezo mawili aghalabu yanatosha, mradi la pili lisonge mbele: maji ya kopo moja sasa yanafika kwenye vifundo vya miguu. Likiwekwa aya moja kabla ya chombo kuzama, linasomeka kama kisingizio. Na ukibadilisha mwisho, yafute madokezo ya mwisho wa zamani. Hili husahaulika sana, na msomaji hubaki akingoja kisichokuja.

Kisha mpe mswada mtu asiyeujua. Afike nusu, aseme anatarajia nini. Akitaja kuzama bila kusita, punguza. Akimaliza na bado haelewi kwa nini ngalawa ilizama, ongeza.