Kipindi: neno lililozaliwa kwenye saa

Muulize mtu leo kipindi cha televisheni ni nini, atakutajia kitu: tamthilia, mahojiano, mechi, taarifa ya habari. Neno lenyewe, hata hivyo, linataja muda. Kipindi ni kipande cha wakati. Ndiyo maana mwalimu ana vipindi vyake darasani, mvua ina kipindi chake, na homa ya vipindi humpanda mgonjwa ikamshuka. Redio ilipogawa siku yake vipande, kila kipande kikaitwa kipindi, na televisheni ikalirithi neno likiwa tayari limekomaa. Kwa hiyo kipindi kilikuwa kwanza nafasi kwenye saa, kisha ndipo kikawa kile kilichowekwa ndani ya nafasi hiyo.

Anayetaka kuiona maana hiyo ikifanya kazi na arudi Kenya ya miaka ya 1980. Televisheni ilianza nchini mwaka 1962. Kuanzia 1964 shirika la utangazaji liliitwa Sauti ya Kenya, au VOK kama lilivyozoeleka, hadi mwaka 1989 liliporudishiwa jina la KBC. Miaka yote hiyo kulikuwa na stesheni moja tu, nayo ilifunguliwa na kufungwa kama duka. Ukiwasha mapema unakuta milia imesimama tuli na mlio mmoja usiopumua. (Ilikuwa milia ya rangi, lakini kwenye seti nyingi ilikuwa ya kijivu.) Kuna watoto waliokaa wakaitazama milia ile, wakingoja. Nilikuwa mmoja wao.

Stesheni ikiwa moja, jioni moja lazima iwatoshe wote: mtoto, mama, baba, babu aliyekuja kutibiwa mjini, mfanyakazi wa nyumbani aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi. Ulikuwa mseto kwelikweli, mchele na choroko sufuria moja, na hakuna aliyeruhusiwa kuchambua punje. Katuni kwanza, watoto wangali macho. Saa moja, taarifa ya habari kwa Kiswahili. Saa tatu, taarifa kwa Kiingereza. Kati ya nguzo hizo mbili na baada yake ndipo vilipochomekwa vichekesho, kwaya, ngoma, ndondi, mafunzo ya ukulima na filamu za Marekani, Uingereza na Ujerumani.

Taarifa ya habari ilianza na Rais, mara nyingi sana: alikokwenda, aliyoyasema, harambee aliyoiongoza. Watoto walijua sura ya Moi kuliko ya mjomba wao. Utamu ulikuwa kwenye vichekesho. Vioja Mahakamani iliwapandisha kizimbani watu wenye kesi za ajabu na majibu ya ajabu zaidi. Vitimbi ilikuwa na Mzee Ojwang' na Mama Kayai, na mzee huyo alikuwa na miwani mikubwa na Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo iliyokolea hivi kwamba wengi walishangaa baadaye kusikia kuwa mwigizaji mwenyewe, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Alifariki mwaka 2015. Kwa maoni yangu hakuna darasa la Kiswahili lililowafikia watu wengi kama chumba kile cha Vitimbi, ingawa mwalimu wangu wa sarufi asingekubali hata kidogo.

Kisha kulikuwa na Football Made in Germany, na sauti ya mtangazaji wake, Toby Charles. Mechi zenyewe zilikwisha chezwa zamani, lakini sisi tulishangilia kana kwamba mpira unapigwa wakati uleule. Kesho yake uwanjani kila mtu ni Rummenigge, na mpira ni karatasi zilizofungwa kwa kamba.

Seti zilikuwa chache, basi majirani walikuja. Televisheni yetu ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye milango na kufuli, juu yake kitambaa cha kufuma. Ufunguo ulikuwa wa baba. Viatu vilijaa mlangoni, wadogo wakaketi sakafuni, na mmoja akapandishwa juu ya bati kuzungusha antena. “Bado chenga!” “Sasa?” “Hapo hapo! Rudisha kidogo… umeharibu!” Picha ikitulia, yule wa juu anashushwa akiwa amekosa nusu ya kipindi. Hakikurudiwa. Kimepita kimepita, utasimuliwa shuleni.

Hapo ndipo kipindi kilipogeuka kuwa saa ya mtaa. Watu waliagana “baada ya habari za Kiswahili”, na mama alijua ugali uwe umeiva kabla ya Vitimbi.

Zanzibar walikuwa na jioni zao tangu miaka ya 1970, tena kwa rangi tangu mwanzo, wakati Tanzania bara haikuwa na televisheni yake hadi mwaka 1994. Wenye antena ndefu Dar es Salaam walinasa picha kutoka ng'ambo ya bahari.

Kwetu, KTN ilipoanza mwaka 1990 neno likaanza kulegea. Stesheni zikiwa mbili kuna kuchagua, na kuchagua kukaleta ugomvi wa rimoti. Leo kipindi kinakaa kwenye simu kikikungoja wewe. Jina limebaki, saa imechomoka. Watu husema “nimepakua kipindi”, msemo ambao mwaka 1985 ungesikika kama kupakua Jumanne.

Zamani usiku ulikatwa kwa wimbo wa taifa, halafu chenga na mchakacho, na baba akafunga kabati. Juzi mpwa wangu alikisimamisha kipindi katikati ili aende msalani. Nikamtazama tu. Sisi tulijibana mpaka wimbo wa taifa.