Je, wajua kwa nini lamineti nene inaweza kuvimba kabla ya nyembamba?

Ukiingia dukani hapa Mtwara kuulizia lamineti, vile vipande vya kutandika sakafuni vinavyofanana na mbao, neno la kwanza utakaloambiwa ni unene. "Bosi, hii milimita 12, utawaachia wajukuu." Ile ya milimita 8 inasukumwa pembeni kama mtoto wa kambo. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipoomba vipande viwili vya sampuli, nikavisimamisha kwenye ndoo yenye maji kidogo, nikaenda kulala. Asubuhi kile cha milimita 12 kilikuwa kimefura ukingoni kama andazi, na karatasi ya juu imeanza kuachia. Cha milimita 8 ilibidi nipitishe kidole ndipo nijue kimenenepa.

Sababu iko ndani. Lamineti si ubao, hata ikifanana vipi na mninga uliopigwa randa. Juu ina ngozi ngumu ya melamini yenye chembe za oksidi ya alumini. Chini ya ngozi hiyo kuna karatasi iliyochapwa picha ya mbao, kisha kiini cha nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na gundi kwenye joto kali, na mwisho karatasi ya kuzuia kipande kisijikunje. Kampuni ya Perstorp ya Sweden ndiyo iliyoibuni, mwaka 1977. Maji hayapenyi ngozi ya juu kirahisi. Yanapita kwenye maungio na kukutana na kiini. Kiini kilichoshindiliwa sawasawa kinakunywa polepole. Kiini chepesi ni sponji, na kikiwa kinene ni sponji kubwa zaidi.

Bahati nzuri mshindilio unapimika kwa mzani, na mji wa korosho haukosi mizani. Kiini kizuri kina zaidi ya kilo 800 kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo boksi la mita 2 za mraba, la milimita 8, linapaswa kukaribia kilo 13 au 14. La milimita 12 lifike kama kilo 20. Soma eneo lililoandikwa kwenye boksi, piga hesabu, pima. Boksi la milimita 8 likija na kilo 11, liache hapohapo. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Namba za AC3 na AC4 zilizo kwenye boksi ni habari nyingine: hizo zinapima ngozi ya juu inavyostahimili msuguano. Chumbani AC3 inatosha. Sebuleni, kama watoto wanarudi na mchanga wa ufukwe wa Shangani miguuni, tafuta AC4. AC5 ni ya maduka na maofisi, nyumbani ni kulipia nguvu usizozitumia.

Ila kwa mikoa hii ya Lindi na Mtwara, mimi naona kosa kubwa haliko dukani, liko kwenye kalenda. Hela ya korosho huanza kuingia minada ikifunguliwa Oktoba, na mvua nazo hizo hapo, Novemba au Desemba. Mtu anamwaga jamvi la zege, anapiga rangi, anataka Krismasi imkute kwenye sakafu mpya. Zege bichi linaendelea kutoa unyevu kwenda juu, na hapo hata kiini bora hakifui dafu. Kabla hujamwita fundi, tandaza kipande cha nailoni cha mita moja kwa mita moja, kibane pande zote kwa selotepu pana, ukiache mpaka kesho. Ukikuta matone chini yake au zege limekoza rangi, subiri. Hata likiwa kavu, nailoni inatandazwa chumba kizima kabla ya foamu, ule mkeka laini unaolala chini ya lamineti. Mafundi wengine huiruka wakisema foamu inatosha. Usikubali.

Hela ikibana, punguza vyumba, usipunguze nailoni. Jikoni na bafuni weka tailizi, lamineti ibaki sebuleni na chumbani. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni mita 14 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa, ni mita 15.4, yaani maboksi 8 ya mita mbili mbili. Yalaze hayohayo maboksi chumbani siku mbili yazoee hali ya hewa, na fundi aache nafasi ya milimita 8 hadi 10 kila ukutani, itakayofichwa na skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Akibananisha mpaka ukutani, unyevu wa bahari ukizidi sakafu itatanuka, ikose pa kwenda, na kuinuka katikati.

Kisha kuna suala la deki. Kumwaga ndoo nzima na kusukuma maji hadi uani, kwenye tailizi ni usafi, kwenye lamineti ni kuinywesha. Kwangu ndoo ya deki imehamia jikoni na chooni. Sebuleni kunapita kitambaa kilichokamuliwa, na mama mkwe kila akija husema nyumba hii haideki.