Seti ya waita wafu: ya barazani na ya mezani

Tunacheza baada ya isha, wanne au watano, kwenye baraza moja ya Langoni hapa Lamu. Karata tumezivika nailoni, maana unyevu wa bahari huzikunja kama papadi. Mchezo wenyewe ni Vampire: The Eternal Struggle. Aliubuni Richard Garfield, ukatoka mwaka 1994 kwa jina la Jyhad, na mwaka uliofuata ukapewa jina hili. Mimi nachezea ukoo wa Giovanni, wale matajiri wa Venice wanaoita wafu. Kila mgeni anayeketi nasi huja na maneno yale yale.

"Hizo si karata za mumiani?"

Ami mmoja jirani alisimama, akaokota karata yangu, akaitazama sana ile picha ya maiti anayetembea. "Mwanangu, haya mambo ya mumiani mumeyatoa wapi?" Nikamwamkia, nikampisha akae. Mumiani wa hadithi zetu humvizia mtu kichochoroni akauze damu yake. Vampaya huyu, mfu mnyonya damu, ni wa kubuniwa, katoka kwenye ngano za Ulaya, na damu yake hapa kwetu ni komwe tulizochukua kwenye bao. Hapana kafara wala jina la marehemu wa mtu. Ami akazihesabu komwe zangu kwa kidole, akasema, "Umebakiwa na sita. Ukienda hivi utafungwa." Nikafungwa.

"Wafu wakiwa wengi, ushindi u karibu"

Hii ndiyo iliyonifunga. Kila mchezaji huanza na akiba ya komwe 30. Akiba hiyo ndiyo uhai wako, ikiisha umetoka. Na hiyo hiyo ndiyo pesa: unaamshia vampaya, na washirika wengi, maiti wakiwemo, hulipiwa humo humo. Tuseme umeamsha vampaya wa bei ya 8, wa 7 na wa 5. Zimekwenda 20. Ukiita maiti watatu wa bei ya 3 kila mmoja, umebaki na komwe moja tu mbele yako. Mwindaji wako, yule aliyekaa kulia anayekushambulia wewe, hahitaji ujanja wowote, kwani vampaya kwa kawaida hunyonya akiba 1 kwa kitendo kimoja. Na maiti uliyemwita sasa hivi anaweza kukuzuilia, lakini kushambulia ni mpaka zamu yako ijayo.

Siku hizi sipangi seti yangu ya karata kwa kuhesabu maiti, napanga kwa kuhesabu komwe. Maktaba, lile fungu la karata zisizo vampaya, ni karata 60 hadi 90. Maiti nawaweka wachache, nafasi iliyobaki ni ya kurudisha akiba, kujificha na kuzuia. Tena watu husahau kwamba Giovanni wana nguvu ya kutawala akili, na hiyo ndiyo inayonyonya kwelikweli. Ukimtoa windo wako, aliye kushoto unayemshambulia wewe, unapata pointi 1 ya ushindi na akiba 6. Hapo ndipo pesa ya kuwalipia wafu inapotoka, na ndiyo maana nanyonya kwanza, naita baadaye. (Wako wasiokubaliana nami. Waje Langoni.)

"Maiti huja wenyewe"

Hawaji. Lazima uwe na vampaya aliyeamka, mwenye nguvu ile ya kuita wafu, na anachofanya ni kitendo kama vitendo vingine: mtu anaweza kukizuia. Kikizuiwa hulipi bei, lakini karata inakwenda majivuni, kwenye fungu la zilizokwisha kutumika.

"Nakala nne tu za kila karata"

Hiyo ni sheria ya michezo mingine. Huku hapana kikomo, ukitaka kumi weka kumi. Ila karata ya pekee, isiyotakiwa kuwa mbili mezani, mkiwa nayo wawili, mtaigombania, na kila zamu mgombeaji hulipa akiba 1 au aiachie.

"Mwita wafu mmoja mkubwa atosha"

Vampaya hukaa kwenye fungu lao, tunaliita makaburini, lisilopungua karata 12, na unaanza na 4 za juu baada ya kuchanga. Ukimweka bingwa wako mara moja, kumpata mwanzoni ni mara 1 katika 3. Mweke mara mbili, inakuwa kama 58 katika 100. Mara tatu, kama 75. Kuchimba mwingine baadaye kunakula uhamisho wako wote 4 wa zamu hiyo (zile hatua za kuhamishia akiba kwa vampaya), na akiba 1 juu yake. Basi mimi namweka bingwa mara tatu, na waliosalia nahakikisha wanaijua kazi ya kuita wafu, hata kwa kiwango cha chini.

Juzi kijana wa Mkomani alikuja na bingwa mmoja wa 10, wenziwe wamechaguliwa kwa uzuri wa picha. Makaburini wakamtokea wanne, bingwa hayumo. Mkononi ana karata saba, tano ni maiti, na mezani hapana wa kuwaita.