Dhana potofu kuhusu vipindi vya mjadala wa siasa vya kila wiki

"Hao wameshapangiana maswali." Kauli hii, kwamba mtangazaji na mgeni wamekubaliana maswali kabla ya kipindi, huniuma kila ninapoisikia, kwa sababu huwafanya watu waache kusikiliza pale hasa panapostahili kusikilizwa.

Kwa kawaida mgeni hupewa mada, hapewi maswali. Siku moja au mbili kabla, mtayarishaji humpigia simu na kuzungumza naye kirefu, akipima msimamo wake na kuona wapi atakwepa, kisha humwandikia mtangazaji. Kwenye Question Time, kipindi cha BBC ya Uingereza ambamo hadhira huliuliza jopo maswali, kilichoanza mwaka 1979 kikiongozwa na Robin Day, wanajopo hawaonyeshwi mapema maswali ya hadhira. Wapo wanasiasa wanaodai kuyaona maswali kwanza, na vipo vituo vinavyokubali. Kituo kinachokubali kinawakosea watazamaji wake.

Lakini hata mgeni aliyekariri majibu hana kinga dhidi ya swali la nyongeza, maana hilo huzaliwa na jibu lake mwenyewe. Waziri anasema, "Tumeongeza bajeti ya maji." Mtangazaji anauliza, "Kutoka kiasi gani hadi kiasi gani?" Kisha ananyamaza. Sekunde tatu za ukimya studioni ni ndefu mno. Mkono wa mgeni unakwenda kwenye glasi, anakunywa, anaanza upya kwa sauti ya chini. Ubora wa kipindi mimi naupima hapo, wala sijali nani alipandisha sauti.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mtangazaji anayemkatisha mgeni hana adabu. Sikioni amevaa kifaa kidogo, na humo mwongozaji aliye chumba cha pili anamhesabia: dakika mbili, moja, funga. Wanasiasa wengi wamefundishwa kuzungumza hadi muda uishe bila kugusa walichoulizwa, kwa hiyo kumrudisha mtu kwenye swali ni kumheshimu mtazamaji. Anayekatisha ili aonekane anajua kuliko mgeni, huyo namlaumu.

Dhana nyingine imeota mizizi: eti haki ni kila upande kupewa dakika sawa. Wanaoishikilia hupenda kutaja Marekani, na hapo huchanganya mambo mawili. Kuna kifungu cha sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934 kinachotaka kituo kikimpa mgombea mmoja nafasi hewani, kiwape wapinzani wake nafasi kama hiyo. Lakini mwaka 1959 Bunge lilisamehe mahojiano halisi ya habari, na vipindi vya aina hii vikaingia humo. Kisha kuna kanuni ya kutenda haki katika utangazaji, iliyowekwa mwaka 1949 na kufutwa mwaka 1987. Hiyo ilidai vituo vijadili masuala yenye mvutano na kutoa nafasi ya kutosha kwa mitazamo inayopingana. Haikudai dakika zilingane. Kwa maoni yangu kanuni hiyo ilikuwa sahihi. Mtu akipinga jambo lenye ushahidi mezani, kumketisha sambamba na aliyeleta ushahidi huo na kuwagawia muda nusu kwa nusu kunampotosha mtazamaji.

Wengine hudhani kipindi cha wiki kimepitwa na wakati kwa kuwa habari hufika kwenye simu kwa dakika. Meet the Press, kipindi cha mahojiano ya kisiasa cha kituo cha NBC cha Marekani, imo kwenye televisheni tangu Novemba 1947 na bado inarushwa. Aliyeiongoza mwanzoni alikuwa mwanamke, Martha Rountree, mmoja wa waanzilishi wake. Mwanamke mwingine, Kristen Welker, alikabidhiwa kiti hicho mwaka 2023. Siku saba hutosha kuisoma ripoti nzima ambayo simu imeonyesha kichwa chake tu, na maswali ya aliyeisoma utayatambua haraka.

Tena si kila kipindi huwa mubashara. Question Time hurekodiwa jioni hiyohiyo, kabla ya kurushwa.

Kuhusu makofi: hadhira ya studio si kura ya maoni. Wanaokaa pale wameomba kuja, wakaulizwa wanakipigia kura chama gani, wakachaguliwa ili pande zote ziwemo. Ni watu wanaopenda siasa kiasi cha kuacha shughuli zao usiku wa kazi. Kelele za kushangilia hukuonyesha tu kwamba kauli ile imewagusa waliokuwa ukumbini.