Barua ya Bodi Ikifika: Leseni ya CPA na Nidhamu Yake California

Mtu akisikia mhasibu kafutiwa leseni, haraka hudhani aliiba. Wapo walioiba. Lakini sehemu kubwa ya mambo yanayopelekwa mbele ya Bodi ya Uhasibu ya California hayana wizi ndani yake: ni ukaguzi uliosainiwa bila ushahidi kwenye faili, ritani za kodi zilizokaliwa hadi mteja akapigwa faini, rekodi za mteja zilizozuiwa kwa sababu ya deni, saa za elimu endelevu zilizotangazwa bila vyeti. Na kwa maoni yangu, kinachokuza jambo dogo ni kimya cha mhasibu baada ya kupata barua.

Nazungumzia California kwa sababu Marekani haina leseni moja ya taifa ya CPA, yaani mhasibu wa umma aliyeidhinishwa. Zipo mamlaka 55 zinazotoa leseni hiyo, yaani majimbo 50, Washington D.C. na maeneo manne ya ng'ambo, na kila moja ina sheria yake. AICPA, taasisi ya kitaifa ya wahasibu hao, ni chama tu. Inaweza kukuvua uanachama, leseni haiigusi. Kwa hiyo siku na viwango nitakavyotaja ni vya California.

Bodi ina wajumbe 15: wahasibu 7 na raia wasio wahasibu 8. Hesabu hiyo ikumbuke unapoandika utetezi. Wengi wa watakaopiga kura hawajawahi kuandaa mizania, na hoja iliyojaa vifungu vya viwango vya ukaguzi bila maelezo ya kawaida haiwafikii.

Sababu za kuadhibiwa zimo katika kifungu 5100 cha Sheria ya Biashara na Taaluma: kuhukumiwa kwa kosa la jinai linalohusiana na kazi, utovu wa uaminifu, udanganyifu, ubadhirifu, uzembe uliokithiri, na vitendo vya uzembe vilivyorudiwa. Tazama hivyo viwili vya mwisho. Kosa moja la uzembe wa kawaida halimo; makosa kadhaa madogo yakiwekwa pamoja yamo. Ndiyo maana mpelelezi aliyeanza na ritani moja ya mteja mmoja huomba mafaili ya miaka mingine. Kifungu hichohicho kinataja pia kuvunja kanuni za Bodi kwa makusudi, na hapa "makusudi" ni kukusudia kitendo chenyewe. Kwamba hukujua kanuni ipo hakukuokoi.

Malalamiko hutoka kwa wateja, kwa wabia waliotengana, na kwa taasisi za serikali kuu. Wizara ya Kazi, kwa mfano, hupitia ukaguzi wa mifuko ya mafao ya wafanyakazi. Ripoti yake ya 2015 ilikuta asilimia 39 ya kaguzi hizo zina kasoro kubwa, na kwa ofisi zinazokagua mfuko mmoja au miwili tu kwa mwaka kiwango kilifika asilimia 76. Anayeukubali mfuko mmoja ili kumridhisha mteja wa zamani amejiweka kwenye kundi baya kabisa. Pia mhasibu mwenyewe analazimika kutoa taarifa ndani ya siku 30 akihukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, au haki yake ya kufanya kazi ikifutwa au kusimamishwa na jimbo jingine au na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu. Adhabu ya jimbo jingine ni hatari kwa namna yake: nakala iliyothibitishwa ya uamuzi ule ni ushahidi wa mwisho wa matukio yaliyoelezwa humo, kwa hiyo usikubali masharti mepesi katika jimbo la Nevada ukidhani yataishia hukohuko.

Barua ya kwanza huomba maelezo na nyaraka, nawe una siku 30 za kujibu. Usipojibu umeongeza kosa jipya, hata kama lalamiko la awali halikuwa na msingi. Siku hiyohiyo mjulishe aliyekukatia bima ya dhima ya kitaaluma, kwani bima nyingi hulipia wakili katika mashauri ya leseni lakini hukataa taarifa zilizochelewa. Kisha funga faili. Simaanishi kulificha, namaanisha hakuna mtu kuligusa.

Hapo ndipo wakaguzi wanapojiumiza. Kifungu 5097 cha sheria hiyohiyo kinataka faili liwe kamili kiasi kwamba mhasibu mzoefu ambaye hakuhusika na kazi hiyo aelewe kilichofanyika, lini, kwa kiasi gani, nani alikifanya na nani alikipitia. Kisipoandikwa, sheria inachukulia kwamba hakikufanyika, na mzigo wa kupinga dhana hiyo unakuwa wako. Mkaguzi aliyehesabu bidhaa ghalani kweli, lakini hakuacha karatasi ya hesabu hiyo, yuko karibu sawa na ambaye hakwenda. Kishawishi kinachofuata kinajulikana: kuandika leo karatasi ya miaka miwili iliyopita. Katika siku 60 baada ya ripoti kutolewa unaruhusiwa kukusanya na kupanga karatasi zilizokuwa zimeshaandaliwa. Nyongeza nyingine yoyote lazima ionyeshe aliyeiweka, tarehe na sababu. Programu za ukaguzi huhifadhi tarehe ya kila badiliko. Upungufu wa nyaraka ni uzembe, na uzembe hutibika kwa mafunzo na uangalizi. Karatasi ya kughushi ni utovu wa uaminifu, na huo hauna tiba nyepesi. Faili lenyewe litunze miaka 7.

Kuhusu rekodi za mteja, kanuni ya 68 ya Bodi haina mwanya: akizidai, mrudishie, hata kama hajalipa senti. Karatasi zako za kazi ni mali yako, ila zikiwa na kitu ambacho kwa kawaida ni sehemu ya vitabu vyake na hana pengine pa kukipata, kama jedwali la uchakavu au maingizo ya marekebisho, hicho nacho ni chake. Deni lidai mahakamani.

Mpelelezi, ambaye mara nyingi mwenyewe huwa CPA, akimaliza, jambo laweza kufungwa, au ukapewa hati ya kosa yenye faini ya dola 100 hadi 5,000. Mambo mazito hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, anayeandaa hati ya mashtaka. Hati hiyo ni ya umma tangu siku ya kwanza, na wateja wanaweza kuisoma kabla hujasikilizwa.

Hapo saa inakwenda kasi: una siku 15 tangu kukabidhiwa kuwasilisha notisi ya utetezi. Si 30 kama ile barua ya kwanza, na wanaochanganya hizi mbili wapo. Kutumwa kwa rejesta kwenye anwani iliyo kwenye kumbukumbu za Bodi ni kukabidhiwa halali, hata kama ulihama na hukuona bahasha. Ndiyo maana kanuni inakutaka utoe taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 30. Usipowasilisha notisi, leseni yaweza kufutwa bila kusikilizwa, na baada ya hapo una siku 7 tu za kuomba uamuzi utenguliwe kwa sababu nzito.

Ukiwasilisha, shauri husikilizwa na jaji wa mashauri ya kiutawala. Bodi lazima ithibitishe kwa ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha, kiwango cha juu kuliko kesi ya madai. Jaji hupendekeza, Bodi ndiyo huamua. Mengi hata hivyo huishia kwenye maridhiano, na mara nyingi uamuzi husomeka hivi: leseni imefutwa, utekelezaji umesitishwa, uangalizi wa miaka mitatu. Usilisome neno la pili peke yake. Ukivunja sharti, kufutwa kule kunaweza kutekelezwa. Masharti ya kawaida ni ripoti kila robo mwaka, inayotakiwa ndani ya siku 10 za robo kuisha, saa za ziada za mafunzo, pengine CPA mwingine kupitia kazi zako kabla hazijatoka, na kurejesha gharama za upelelezi na mawakili wa serikali. Ukihamia nje ya jimbo, muda wa uangalizi husimama kuhesabiwa.

Aliyefutiwa anaweza kuomba kurudishiwa leseni baada ya mwaka mmoja. Mzigo wa kuthibitisha hapo unageuka na kuwa wake, na Bodi hutaka vitu vya kushikika: vyeti vya mafunzo, fedha zilizorudishwa kwa waliodhulumiwa, barua za watu wanaojua kosa lenyewe. Barua inayomsifu mwombaji bila kulitaja kosa haina uzito.