Mbochi: ujira unaolipwa na maua

Ukitamka "nekta" mbele ya Mtanzania, huenda akakumbuka kwanza Baraza la Mitihani (NECTA) na matokeo ya kidato cha nne. Mwingine atakumbuka neno lililoandikwa kwenye boksi la juisi ya embe. Wanaosoma mimea wanalitumia kwa kitu kingine, na Kiswahili kina neno lake lenyewe, zuri, ambalo ningependa tulisikie zaidi: mbochi. Ni maji matamu yanayotolewa na mmea, mara nyingi ndani ya ua, ndiyo yanayofuatwa na nyuki, vipepeo, ndege na popo.

Mbochi si asali, wala si utomvu, ingawa vyote vitatu ni ndugu. Mgema akikata ncha ya karara la mnazi, kinachodondoka kibuyuni ni utomvu: maji yenye sukari yaliyokuwa yakisafiri ndani ya mishipa ya mti. Mbochi huanzia kwenye sukari hiyohiyo, iliyotengenezwa na majani kwa nguvu ya jua, lakini hupita kwanza kwenye tezi maalumu. Tezi hizo huichuja, huibadilisha na kuitoa nje kwa matone madogo sana. Humo mna sukari za aina tatu hasa, yaani sukrosi, glukosi na fruktosi, pamoja na maji mengi, chembechembe za protini na harufu. Kiasi cha utamu hutofautiana mno. Kuna maua yenye mbochi nyepesi kama maji ya sukari ya mgonjwa, na mengine yenye mbochi nzito inayonata.

Kwa nini mmea utoe bure chakula ulichokitolea jasho? Hautoi bure. Mmea umesimama mahali pamoja na hauwezi kutembea kutafuta mwenza, kwa hiyo unahitaji wa kuubebea chavua kutoka ua moja hadi jingine. Mbochi ni ujira wa mbebaji huyo. Na tazama ulivyo na hesabu: tone la kila ua ni dogo. Nyuki angeshiba kwenye ua la kwanza angerudi zake mzingani, na chavua isingefika popote. Kwa kuwa hashibi, analazimika kupita maua mengi, na kazi inafanyika.

Kila mbebaji ana malipo yake. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, hufuata maua marefu kama mirija. Mbuyu hufungua maua yake jioni, meupe na yenye harufu nzito, na popo huja usiku kunywa. Kesho yake ua limeshanyauka. Kisiwani Madagascar kuna okidi ambayo mbochi yake imo chini kabisa ya mrija wa karibu sentimita 30. Mwaka 1862 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin aliandika kwamba lazima yupo nondo mwenye ulimi mrefu wa kufika huko. Nondo huyo alikuja kuelezwa na wanasayansi mwaka 1903, Darwin akiwa amekufa zamani. Wezi nao wapo. Chozi akikuta ua refu kuliko mdomo wake, wakati mwingine hutoboa tundu pembeni na kunyonya bila kugusa chavua hata punje.

Kahawa ndiyo hunishangaza zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbochi ya maua ya kahawa na ya jamii ya michungwa ina kafeini kidogo, na kwamba nyuki aliyeionja hukumbuka harufu ya ua hilo kwa muda mrefu zaidi. Kile kinachomwamsha mtu asubuhi kwa kikombe, mmea ulishakitumia kumfanya mteja wake arudi.

Lakini si mbochi yote inatoka kwenye maua. Kunde, muhogo na pamba zina tezi zinazotoa mbochi hata pasipo ua, na wanaolipwa hapo ni walinzi, sio wabebaji wa chavua. Mfano mzuri kuliko yote uko kwetu, kwenye nyanda za Laikipia, Kenya. Huko umeenea mgunga mfupi wenye miiba iliyovimba kama vitufe. Upepo ukipita kwenye matundu ya vitufe hivyo husikika mluzi. Ndani yake wanaishi sisimizi. Mti huwapa nyumba na mbochi inayotoka karibu na majani, nao humrukia na kumng'ata twiga au tembo anayekuja kula.

Mwaka 1995 watafiti walizungushia uzio baadhi ya maeneo hayo ili wanyama wakubwa wasiingie. Mtu angetarajia miti istawi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuwa kinyume. Miti isiyoliwa ilipunguza mbochi na vitufe, kama tajiri anayepunguza mshahara wa askari kwa kuwa wezi hawaonekani tena. Sisimizi walinzi wakapungua, na nafasi yao ikashikwa na sisimizi wa aina nyingine, wasiolinda, ambao hukaa kwenye matundu yanayochimbwa na mabuu ya mbawakawa ndani ya mti. Miti hiyo ikakua polepole zaidi na kufa kwa wingi zaidi kuliko ile iliyokuwa ikiliwa na tembo.

Kwa binadamu, mbochi hutufikia hasa kama asali. Nyuki huinyonya na kuibeba kwenye kifuko kilicho tumboni, tofauti na tumbo la chakula chake. Mzingani hupokezana mdomo kwa mdomo wakiongeza vimeng'enya vinavyoivunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, kisha huitandaza kwenye sega na kuipepea kwa mabawa. Mbochi ambayo mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji hushuka hadi chini ya asilimia 20 ya maji, ndipo nyuki hufunika sega kwa nta. Mrina asali mzoefu hungoja kifuniko hicho. Sega lililo wazi bado lina maji mengi, na asali yake huchacha.

Hapa niseme jambo kwa wanunuzi, maana nimeona wafugaji wa nyuki wakionewa. Asali hufuata ua. Ya misitu ya miombo ya Tabora haiwezi kufanana na ya mashamba ya alizeti ya Singida, kwa rangi wala kwa ladha. Ya alizeti ina glukosi nyingi, kwa hiyo huganda mapema na kufanya chengachenga. Kuganda peke yake si ushahidi kwamba imechanganywa na sukari ya dukani. Ipashe kwa maji ya vuguvugu, itayeyuka.

Asali hata hivyo ni sehemu ndogo ya faida. Tikiti, boga, alizeti, pasheni: vyote hivi hutegemea mgeni aliyefuata mbochi. Pasheni hutaka wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, ambao watu wengi huwaua wakidhani ni waharibifu tu. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufikia mchana limeshasinyaa. Mkulima anayepuliza dawa ya wadudu saa mbili asubuhi anawapuliza vibarua wake mwenyewe wakiwa kazini. Jioni maua yakishafunga, hasara hiyo hupungua sana.

Na kuna mmea mmoja unaoendelea kulipa ingawa kazi imekwisha. Migomba iliyolimwa huzaa ndizi bila kuchavushwa. Ndiyo maana ndizi hazina mbegu. Ndugu zake wa mwituni huko Asia bado huwategemea popo na ndege. Lakini kifunue kile kichwa cha zambarau kinachoning'inia chini ya mkungu, gamba moja, utaona safu za maua madogo, na shinani mwao mbochi nyingi ya kunata. Chozi na nyuki wanalijua hilo. Asubuhi hawakosi hapo.